Kanuni za serikali za kulinda mito na vijito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rasimu ya kanuni za kulinda mto ikishafika mkutanoni, maswali huwa ni yale yale, na kelele huwa ni zile zile: upande mmoja unasema serikali inataka kunyang'anya watu ardhi, upande wa pili unasema asiyeunga mkono anataka watu wanywe sumu. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuingia mkutanoni akiwa ameisoma rasimu, awe anaiunga mkono au anaipinga.

Kwa nini serikali iingilie? Watu wa mtoni hawawezi kuelewana wenyewe?

Wakati mwingine wanaweza, na pale wanapoweza ni afadhali waachwe. Mfereji wa umwagiliaji wa kaya 40, ambapo kila mmoja anajua nani alifungua lango usiku, husimamiwa na wenye mfereji vizuri kuliko na ofisa aliye mbali. Makubaliano hushika pale anayechafua na anayeumia wanapofahamiana na wanapohitajiana.

Mto mrefu hauna sifa hizo. Mwenye machinjio aliye juu hamjui anayechota maji kilomita 30 chini, wala hamhitaji kwa lolote. Methali inasema aliye juu mngoje chini. Mtoni, kinachofika chini ni uchafu wake tu. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yaliingia mto Rhine yakiwa yamebeba viuatilifu, samaki wakafa kwa mamia ya kilomita, hadi nchi za chini ambazo hazikuwa na kauli yoyote juu ya ghala lile. Hakuna kikao cha majirani ambacho kingefika huko.

Kwa hiyo swali lenye maana si kama serikali iingilie au isiingilie. Ni: uchafu unatoka wapi, nani ataupima, unapimwa wapi, na nani atalipa. Rasimu isiyojibu haya manne haifai hata kama nia yake ni njema.

Kanuni za namna hii zimewahi kuleta matokeo, au ni karatasi tu?

Inategemea uchafu unatokaje. Uchafu wenye mdomo, yaani unaotoka kwenye bomba au mtaro unaoweza kuunyooshea kidole, hudhibitika. Mwaka 1957 mto Thames pale London ulielezwa kuwa umekufa kibayolojia. Mitambo ya kusafisha majitaka ilipopanuliwa na masharti kukazwa katika miaka iliyofuata, samaki walirudi. Marekani, mto Cuyahoga ulishika moto Juni 1969 kwa mafuta yaliyokuwa yakielea juu yake, na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya maji safi, likiipiku kura ya turufu ambayo Rais Nixon alitumia kuikataa, na tangu hapo kutiririsha majitaka kwa bomba bila kibali likawa kosa.

Uchafu wa kusambaa ni habari nyingine. Huu hauna mdomo: ni mbolea, samadi na udongo unaokokotwa na mvua kutoka mashamba elfu moja kwa wakati mmoja. Sheria ile ile ya Marekani iliacha nje sehemu kubwa ya maji yanayotiririka kutoka mashambani. Agosti 2014 sumu ya mwani, yaani vimea vidogo sana vya kijani vinavyoelea majini, iliingia kwenye maji ya mji wa Toledo, kando ya Ziwa Erie, na watu wapatao nusu milioni wakaambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa. Kisababishi kikuu kilikuwa fosforasi ya mashambani, kirutubisho cha mbolea kinachostawisha mwani. Mabomba yalikuwa yamebanwa miaka mingi, mashamba hayakubanwa.

Basi ukiletewa rasimu, uliza kwanza mto wenu unaumwa ugonjwa upi. Kanuni nzuri ya viwanda haitausaidia mto unaouawa na tope la mashamba.

Rasimu inasema "mita 60 kutoka mtoni". Zinapimwa kutoka wapi?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na ndipo watu wachache huuliza. "Mto" una mistari isiyopungua minne: katikati ya mkondo, mahali maji yalipogusa siku ya kupima, ukingo wa juu ambapo ardhi inavunjika kushuka mtoni, na alama ya mafuriko makubwa kabisa. Kwenye bonde tambarare, umbali kati ya mstari wa pili na wa nne unaweza kuzidi mita 60 zenyewe. Mpimaji akija kiangazi, shamba lako liko nje. Akija masika, nyumba yako iko ndani.

Nchi hazifanani. Uganda, kanuni za mwaka 2000 zinaweka mita 100 kwa mito iliyotajwa kwa jina kwenye jedwali na mita 30 kwa mingine, zikihesabiwa kutoka alama ya juu kabisa ya maji. Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilifuata upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande, kwa kutazama kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataja mita 60. Minnesota, Marekani, sheria ya mwaka 2015 inataka wastani wa futi 50 za majani ya kudumu kando ya maji ya umma, yaani kama mita 15, na futi 16.5 kando ya mifereji ya umma.

Someni maneno, si namba peke yake. Kifungu kile cha Tanzania kinazungumzia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya mazingira. Mtu anayesimama mkutanoni akasema "hata kukata majani ya mifugo ni marufuku ndani ya mita 60" anaongeza neno ambalo sheria haikuliandika. Na anayesema "basi mahindi ya msimu yanaruhusiwa moja kwa moja" naye anaruka nusu ya pili ya sentensi.

Pendekezo la vitendo: itakeni kanuni ieleze mstari wa kuanzia kwa maneno, kisha mstari huo uwekwe chini kwa vigingi vya zege au miti inayotambulika, kigingi kwa kigingi, mbele ya wenye mashamba. Mpaka ulioko kwenye ramani tu hubishaniwa kila mvua ikinyesha.

Huo ukanda wa kingo, yaani ardhi ya majani na miti inayoachwa kando ya mto, hufanya kazi gani hasa?

Hupunguza mwendo wa maji. Maji yakitandaa juu ya majani marefu hukosa nguvu na kuangusha yanachobeba: mchanga na punje nene hutua mita chache za mwanzo, udongo laini wa mfinyanzi huendelea mbali zaidi. Fosforasi nyingi imegandamana na punje za udongo, kwa hiyo ukinasa tope umeinasa nayo. Naitreti, aina ya naitrojeni inayotokana na mbolea na samadi, haishikamani na udongo. Huyeyuka na kuzama. Huondolewa zaidi pale maji ya chini yanapopita kwenye mizizi na udongo wenye unyevu mwingi na mabaki ya mimea, ambako bakteria huigeuza kuwa gesi.

Sasa yanayoharibika. Kasoro ya kwanza na kubwa ni maji kujikusanya. Kama juu ya ukanda kuna njia ya ng'ombe au mtaro wa barabara, maji hayatandai: huchonga korongo dogo na kupita katikati ya majani kama kwenye bomba. Ukanda wa mita 60 wenye korongo moja unashindwa na ukanda wa mita 10 uliopokea maji yaliyotandazwa. Tembeeni ukingoni mvua ikiwa inanyesha. Mtaziona njia hizo, na hizo ndizo za kuziba kwanza kwa matuta na vizuizi vya mawe. Kasoro ya pili ni mabomba ya kukausha shamba yanayopita chini ya ukanda na kumwaga mtoni moja kwa moja. Ya tatu ni mteremko: ardhi ikishuka zaidi ya mita 10 kwa kila mita 100, upana wa kawaida hautoshi bila matuta juu yake. Ya nne, ukanda uliopandwa mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Mikaratusi hunywa maji mengi na chini yake majani hayaoti vizuri. Kwenye chemchemi ni mgeni asiyefaa.

Kutokana na haya, tunaona kanuni yenye namba moja kwa nchi nzima ni rahisi kuitangaza na ni dhaifu kuitekeleza. Lakini kanuni inayobadilika kwa kila shamba inahitaji wapimaji ambao halmashauri nyingi hawana. Namba moja ya chini kabisa, na upana wa ziada kwenye miteremko, ni njia ya kati inayotetewa vizuri.

Kiwanda kinasema kinatimiza kiwango cha BOD cha miligramu 30 kwa lita. Mbona samaki wanakufa?

Kwa sababu kiwango hicho kinapima ukali wa majitaka, hakipimi mzigo wala uwezo wa mto kuubeba.

BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo majini. Hupimwa maabara kwa siku 5, gizani, kwenye nyuzi 20 za sentigredi. Majitaka ya majumbani yasiyosafishwa huwa karibu na 200 hadi 300. Miligramu 30 ni kiwango kinachotumika katika nchi nyingi. Umoja wa Ulaya hutumia 25. Asili ya namba hizi inafaa kujulikana: tume ya kifalme ya Uingereza ilipopendekeza BOD 20 mwaka 1912, ilidhani mto ungeyachanganya majitaka kwa maji safi angalau mara 8 zaidi. Namba zilienea ulimwenguni. Ile "mara 8" ilibaki njiani.

Fanyeni hesabu hii mkutanoni, kwenye ubao. Kiwanda kinamwaga mita za ujazo 2,000 kwa siku zenye BOD 30. Zidisha, gawa kwa 1,000: ni kilo 60 za mzigo kila siku. Mto una BOD 2 na unapitisha mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, sawa na 43,200 kwa siku.

Masika: (43,200 × 2 + 2,000 × 30) ÷ 45,200 = karibu 3.2. Mto unavumilia.

Kiangazi mtiririko unashuka hadi 0.05, yaani mita za ujazo 4,320 kwa siku: (4,320 × 2 + 2,000 × 30) ÷ 6,320 = karibu 10.9. Kiwanda hakijavunja sharti hata moja, na mto umeshaoza. Juu ya hapo, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya 5, na chini ya 2 wanakufa.

Kwa hiyo ombeni kibali kiwe na namba mbili: ukali kwa lita na mzigo kwa siku, na mzigo wa kiangazi uwe mdogo kuliko wa masika. Namba ya pili inamzuia pia mwenye kiwanda kuongeza maji safi kwenye bomba ili kupunguza ukali, ujanja wa zamani usiopunguza hata gramu moja.

Tunaweza kupima mtiririko wa mto bila vifaa vya gharama?

Ndiyo, kwa makadirio yanayotosha kwa mjadala. Chagueni sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, yenye urefu wa mita 10. Pimeni upana, kisha kina kwenye sehemu tano au zaidi kuvuka mto, mpate wastani. Tupeni chungwa mita chache juu ya alama ya kwanza (chungwa huelea likiwa limezama sehemu kubwa, upepo haulisukumi kama kipande cha plastiki), na mhesabu sekunde kutoka alama ya kwanza hadi ya pili. Rudieni mara tano.

Mfano: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.4, eneo ni mita za mraba 1.6. Chungwa limetumia sekunde 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini: 0.34. Jibu ni 0.54, mita za ujazo kwa sekunde. Pimeni kila mwezi, mahali pale pale. Namba ya mwezi wenye maji machache kuliko yote ndiyo mtakayoihitaji.

Sampuli ya maji ichukuliwe vipi ili isikataliwe?

Sampuli moja haina maana. Chukueni tatu: juu ya bomba, kwenye mdomo wa bomba, na chini ya bomba mahali maji yameshachanganyika. Majitaka hushikilia upande mmoja wa mto kwa umbali mrefu, mara nyingine makumi ya mara ya upana wa mto. Ukichota ng'ambo ya pili mita 20 chini, utampa mchafuzi cheti cha usafi.

Ingia mtoni ukielekea juu, mdomo wa chupa utazame mkondo unakotoka, usikoroge tope. Chupa ya kemikali isuuze mara tatu kwa maji ya pale pale. Chupa ya bakteria imetakaswa na maabara: usiisuuze, usiguse ndani ya kifuniko. Andika kwenye lebo mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota, kabla hujaondoka. Weka kwenye barafu. Sampuli ya bakteria ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Ya BOD isizidi saa 24. Oksijeni na joto hupimwa hapo hapo mtoni, havisafirishwi. Weka daftari la kila mkono uliopokea chupa, na saa. Kesi nyingi za mto huanguka kwenye daftari hilo, si kwenye maabara.

Na kama hakuna fedha za maabara, pindueni mawe. Chini ya mawe ya mto wenye afya kuna mabuu ya aina nyingi, yakiwamo yale bapa yenye mikia miwili au mitatu yanayokimbia upande wa giza. Mkipata minyoo myekundu tu na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, oksijeni imekuwa haba kwa wiki nyingi. Mdudu ana faida moja dhidi ya chupa: anakumbuka. Anayefungulia bomba saa nane usiku huikwepa chupa ya mchana, hamkwepi mdudu.

Kijito kinachokauka kiangazi kinahesabiwa kuwa mto?

Kwa maji yenyewe, ndiyo: kinachotupwa kwenye mkondo mkavu mwezi wa saba kitafika mtoni mvua ya kwanza. Kwa sheria, inategemea tafsiri. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Sackett, ilipunguza maeneo oevu yanayolindwa na sheria ya nchi nzima hadi yale yaliyoungana juu ya ardhi, bila kukatika, na maji yanayolindwa. Miaka mitatu kabla yake, katika kesi ya Maui, mahakama hiyo ilisema majitaka yanayopitia chini ya ardhi hadi baharini yanahitaji kibali kama matokeo yake ni sawa na kumwaga moja kwa moja. Kesi hizo mbili zote zilihusu tafsiri ya maneno. Fungua sehemu ya tafsiri kwenye rasimu yako na uone kama "mto" unajumuisha mkondo wa msimu, chemchemi, eneo oevu na maji ya chini. Kisichotajwa hapo kina hatari ya kuachwa.

Kanuni hizi si zitaua viwanda na ajira?

Hoja hii isidharauliwe. Mtambo wa kusafisha majitaka ni ghali, na karakana ndogo haina mtaji wa kiwanda kikubwa. Lakini mara nyingi sehemu kubwa ya uchafu huondoka kwa hatua za mwanzo, zilizo rahisi. Tuchukue machinjio. Damu mbichi ina BOD inayozidi miligramu 100,000 kwa lita. Ndoo moja ya lita 10 ni zaidi ya kilo moja ya mzigo, kiasi ambacho watu zaidi ya 16 hukitoa kwa siku kwenye majitaka yao. Kinachotakiwa kwanza ni mfereji wa pekee wa damu na tangi la kuikusanya, kufagia samadi na mabaki yakiwa makavu kabla ya kufungulia bomba, na chujio la waya kwenye mtaro. Mtambo huja baadaye, na ukija unakuwa mdogo.

Vivyo hivyo kwa wanaoosha magari: sakafu ya zege yenye mteremko, shimo la kutulizia mchanga, na kinasa mafuta kinachosafishwa kabla hakijajaa. Kwa mabwawa ya majitaka, lile la kwanza liondolewe tope linapofika theluthi moja ya kina. Likiachwa, maji hupita juu juu bila kukaa siku zake, na kipimo hupanda ingawa kwa macho bwawa linaonekana zima.

Kanuni inayomwambia mdogo "jenga mtambo au funga" imeandikwa kivivu. Inayompa hatua, muda na kipimo cha kila hatua humbakiza kazini.

Faini zipo, tena kubwa. Mbona wanaendelea?

Fanya hesabu ya upande wao. Kama kuendesha mtambo kwa mwaka kunagharimu mara tano ya faini, na mkaguzi huja mara moja kwa miaka miwili, faini imegeuka ada ya kuchafua. Dawa ina sehemu mbili: faini ianze na kile alichookoa kwa kutosafisha, kisha adhabu iongezwe juu yake, na ihesabiwe kwa kila siku ya kosa. Ukaguzi wa kushtukiza mara kwa mara wenye adhabu ya wastani humtisha mtu kuliko adhabu kubwa isiyofika kamwe. Itakeni pia taarifa za vipimo vya kila mwezi zibandikwe wazi. Mwenye kiwanda anaweza kumzoea mkaguzi mmoja. Kuwazoea wasomaji wote ni kazi.

Nani alipe: anayechafua au anayekunywa?

Kwa bomba, anayechafua, na hakuna haja ya kuzunguka. Ufaransa iliweka msingi huo katika sheria ya mwaka 1964: mashirika ya mabonde hutoza kwa kiasi cha uchafu na cha maji yaliyotumika, na fedha hurudi kugharamia mitambo ya bonde lile lile. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ya kushikilia. Tozo ikiingia mfuko mkuu, mto hautaiona.

Kwa mkulima wa mteremkoni, jibu si jepesi. Unamwomba aache robo ya shamba kwa ajili ya watu wa mjini asiowajua. Mwaka 1997 jiji la New York lilifikia makubaliano na wenyeji wa milima ya Catskill, likagharamia mashamba, mashimo ya majitaka na ardhi kwenye vyanzo vyake, badala ya kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungegharimu mabilioni ya dola. Wakulima walipata huduma, jiji likaokoa fedha. Liliwezekana kwa sababu mlipaji alikuwa mmoja, tajiri, na aliyeshikiliwa na sheria iliyomtaka achuje maji au athibitishe kuwa chanzo ni salama. Bila sharti hilo la serikali, mazungumzo yasingeanza.

Waliokuwa wanalima au kuishi pale kabla ya kanuni watafanywaje?

Tofautisheni vitu vitatu. Jengo la kudumu lenye hati halali linahitaji tathmini na fidia kabla ya kuguswa. Kilimo cha msimu kinahitaji muda wa mpito, misimu miwili au mitatu, na orodha ya kinachoruhusiwa: majani ya kukata kwa mifugo, miti ya matunda, mizinga ya nyuki. Bomba la majitaka halistahili msamaha wa "tulikuwepo", bali ratiba fupi. Rasimu inayowaweka wote katika aya moja itapingwa na wote kwa pamoja, na yule mwenye bomba atajificha nyuma ya ajuza mwenye mchicha.

Vipi kuhusu mifugo, vyoo na kufua mtoni?

Mifugo: tengenezeni birika mbali na ukingo na njia moja iliyowekwa mawe, badala ya kukataza bila kutoa pa kunyweshea. Choo cha shimo: mita 30 kutoka kisima au mto, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Kufua: athari kubwa ya sabuni ilikuwa fosforasi. Jaribio la Ziwa 226 huko Kanada, mwaka 1973, lilionyesha jambo hilo kwa macho: ziwa liligawanywa kwa pazia, nusu zote mbili zikawekwa kaboni na naitrojeni, moja ikaongezewa fosforasi, na ni hiyo tu iliyogeuka kijani kwa mwani. Ni rahisi zaidi kuidhibiti fosforasi kiwandani inakotengenezwa sabuni kuliko kumfukuza mama mmoja mmoja mtoni.

Na wachimba mchanga?

Mchanga ukichotwa haraka kuliko mto unavyouleta, sakafu ya mto hushuka. Kingo hubaki zimening'inia na kuporomoka, nguzo za madaraja hufukuliwa, na visima vya jirani hukauka kwa kuwa maji ya ardhini hufuata sakafu ya mto. Kanuni itaje kina cha mwisho cha kuchimba, umbali kutoka madaraja na mabomba, na sehemu za kupumzishwa. "Ujazo wa malori kwa mwezi" peke yake haupimiki. Alama ya kina iliyopakwa rangi kwenye nguzo hupimika na mtoto.

Kuupa mto haki za kisheria kama mtu kunasaidia?

New Zealand ilifanya hivyo kwa mto Whanganui mwaka 2017, na nguvu yake iko kwenye walinzi waliotajwa kuusemea na mfuko waliowekewa. Tamko lisilo na mlinzi wala fedha ni pambo.

Tuandike vipi maoni yatakayozingatiwa?

Ofisa anayekusanya maoni hana pa kuweka sentensi "mto ni uhai". Anafanya kazi kifungu kwa kifungu. Andika namba ya kifungu, nakili maneno yaliyopo, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, kisha sababu kwa mistari isiyozidi mitano, na ushahidi: vipimo vya mtiririko, picha zenye tarehe, majibu ya maabara. Kifungu kimoja, ukurasa mmoja. Kwa mfano: "Kifungu cha 8(2) kinasema 'mita 30 kutoka mtoni'. Tunapendekeza 'mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, iliyowekewa vigingi'. Sababu: kati ya Agosti na Aprili maji yetu husogea mita 22."

Barua mia moja zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa kama hoja moja. Barua tano zenye vipimo tofauti ni hoja tano. Pelekeni kabla ya tarehe ya mwisho, nakala mbili, na ile mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kanuni ikishachapishwa, ilinganisheni na rasimu mkiwa na nakala hiyo mkononi, kuanzia sehemu ya tafsiri, maana huko ndiko neno moja likiondolewa hakuna anayeona.